Vitufe Thelathini na Kimoja

Kama una baka mwilini lisilowasha wala kuuma, na kila asubuhi unalipaka nsiro ili watu wasilione, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Najua unavyofanya, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo mwaka mzima. Nilisaga kijiti juu ya jiwe, nikachanganya na maji, nikajipaka usoni na mikononi mpaka nikawa mweupe, kisha nikatoka nje kusifiwa. Hapa Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, mwanamke aliyejipaka nsiro haulizwi kitu, anaambiwa amependeza tu. Nami nilipendeza kweli. Chini ya ule weupe kulikuwa na ngozi isiyosikia kitu.

Naitwa Muaziza. Kazi yangu ni kuandika barua za watu katika reprografia ya Senhor Abudo, duka la fotokopi lililo karibu na ofisi za serikali. Watu waliporudi baada ya kukimbia vita, wengi walirudi bila karatasi hata moja. Nyumba imeungua, cheti cha kuzaliwa kimeungua, kitambulisho kimeungua, na kila karatasi mpya inaombwa kwa barua. Basi mtu anakaa kwenye kiti mbele yangu, ananieleza, mimi naandika. Nilikuwa na kasi. Nasema bila kujifanya mnyenyekevu: vidole kumi, bila kutazama chini, huku namtazama mteja usoni na kumuuliza habari za watoto. Wapo waliosimama mlangoni kunitazama tu. Tangu nilipoachika, vidole hivyo ndivyo vilivyonifanya nijione mtu.

Ninaishi na dada yangu mkubwa, Zainabo, ambaye ni mjane. Yeye ndiye aliyeona kwanza. Alinikuta uani asubuhi nasaga nsiro, akapiga kelele.

"We Muaziza! Jiwe limejaa damu!"

Nikatazama. Kijiti kilikuwa kimekwisha zamani, nami niliendelea kusaga vidole vyangu mwenyewe.

"Nimejikwaruza," nikamwambia.

"Umejikwaruza bila kusikia?"

"Nilikuwa nawaza mambo mengine."

Kazini nako herufi zilianza kunisaliti. Kidole kilikuwa kinakaa juu ya kitufe bila mimi kujua, na A moja inakuwa A tano. Nililaumu kibodi, Senhor Abudo akaleta nyingine, nayo nikailaumu. Mzee mmoja kutoka Mbau alikataliwa kwenye ofisi za serikali kwa sababu jina lake kwenye barua lilikuwa na A tatu pasipostahili. Alikuja na karatasi yake, akaiweka mezani pangu taratibu, hakugomba. Afadhali angegomba.

Nilikunywa kombe, maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwenye sahani, miezi miwili. Simlaumu mwalimu aliyeniandikia, maana hakuniambia niache kwenda hospitali. Ni mimi niliyeogopa benchi la hospitali kuliko ugonjwa wenyewe.

Hatimaye nilikwenda, wakati korosho zinaanza kuanguka. Benchi lile ni refu, limepakwa rangi ya buluu, na wanawake wenye watoto wa homa ndio wanaokaa karibu na mlango. Nilikaa mwishoni kabisa. Muuguzi, kijana mpole aliyechoka, aliniosha nsiro mikononi kwa kitambaa chenye maji, akatazama, akachukua kipande cha pamba na kukisokota ncha.

"Fumba macho, mama. Kila nikikugusa, sema."

Nikafumba macho, nikangoja aanze. Nikangoja sana. Nikasikia mtoto analia nje na mlango wa kabati unafungwa.

"Hujaanza?" nikauliza.

"Nimekwisha," akasema.

Akaniambia ni lepra, yaani ukoma. Akasema unatibika, vidonge ni vya bure, paketi kumi na mbili, moja kila mwezi, na kwamba nikianza kumeza sitamwambukiza mtu. Mimi nilishika neno moja tu kati ya yote hayo. Nilitembea hadi nyumbani nimeficha mikono ndani ya kapulana niliyojifunga wakati jua linawaka.

Nilimweleza Zainabo yote, hata lile la kutoambukiza. Alinisikiliza, akasema Mungu atanusuru. Kesho yake alirudi sokoni na sahani mpya ya bati, yenye maua ya kijani. Sahani nzuri kweli. Akanipakulia wali wangu humo, akaniwekea kwenye mkeka upande wa mlangoni, na yeye akala kwenye sinia ambamo tumekula pamoja tangu utoto. Hivyo ndivyo tulivyokula kwa mwaka mzima.

Paketi ya kwanza ilinifanya nikojoe mkojo mwekundu. Muuguzi alikuwa amenionya, lakini kuonywa si kuona. Kufikia paketi ya tatu mvua zilikuwa zimeanza na ngozi yangu ilikuwa inabadilika. Ile dawa inaipa ngozi weusi wenye ukavu, usoni hasa, na nsiro haikukubali tena kukaa, ilipasuka vipande vipande. Nikaiacha. Zainabo ndiye akaanza kujipaka kila siku, yeye ambaye zamani alijipaka siku za harusi tu: uso, shingo, mabega. Niliumia. Niliona ananionyesha kwamba yeye bado ni mzuri.

Siku moja pale hospitalini mfanyakazi mmoja alitoka mlangoni akaita kwa sauti, "Wa lepra aingie!" Benchi zima likageuka. Mama aliyekuwa karibu nami akamhamishia mwanawe kwenye paja la pili. Nilipoingia sikumlalamikia mtu, lakini yule muuguzi alikuwa amesikia. Tangu siku hiyo alitoka mwenyewe na kuniita kwa jina langu na la baba yangu. Naliandika jambo hili dogo kwa sababu ndilo lililonirudisha pale mwezi uliofuata.

Paketi ya tano ndiyo iliyonivunja. Mikono ilivimba, maumivu yakatoka kwenye viwiko kama ya kupigwa, na mimi niliyekuwa sisikii nikaanza kusikia mambo ambayo singependa mtu yeyote ayasikie. Nikapewa vidonge vingine vya kutuliza. Uso ukajaa, mashavu yakawa ya mtu mwingine, nikawa na njaa mchana kutwa. Uvimbe ulipoondoka, vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo, vilikuwa vimejikunja. Nilivinyoosha kwa mkono wa kulia. Nikiviachia, vinarudi.

Senhor Abudo alinivumilia kadiri alivyoweza. Alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha uani, akakunywa chai yote. Hilo nalo nalikumbuka, kwamba alikunywa yote.

"Muaziza," akasema, "kiti chako sijampa mtu. Lakini wateja wanarudishwa. Ukiweza kuniandikia ukurasa mmoja msafi, mteja akiwa amekaa palepale anangoja, rudi siku hiyohiyo. Ukishindwa, n'tatafuta mwingine. Usin'one mbaya."

Sikumwona mbaya, nilijiona mimi mfu.

Kulikuwa na fundi wa simu na redio sokoni, Anastásia, Mmakonde aliyeshuka kutoka Mueda, mwanamke mnene mwenye msalaba shingoni na kicheko kinachofika bandarini. Nilimpelekea kibodi kuukuu ya dukani. Nilitaka ang'oe vitufe ambavyo vidole vyangu vya kushoto havivifikii tena na kuvihamishia kwingine. Aliitazama, akanitazama mikono.

"Olha, mana, hii haiwezekani," akasema. "Hii wameitengeneza kwa mikono ya mtu wa kiwandani. Sie tutengeneze teclado yako weye."

"Teclado inatengenezwa?"

"Kila kitu kinatengenezwa, pá. Lete mikono hiyo hapa."

Alichukua kadibodi, akaniambia niilaze mikono juu yake ilivyo, nisiinyooshe. Sisi wa reprografia tuna kidau cha wino cha kuwapigisha dole gumba wasiojua kuandika. Anastásia alinituma nikakiazime. Akanichovya vidole, kimoja kimoja, akasema, "Sasa cheza. Jifanye unaandika." Nikajifanya. Wino ukaacha alama pale kila kidole kinapoangukia chenyewe, bila kujilazimisha. Zile alama ndizo zikawa ramani yetu. Mkono wa kushoto: gumba, shahada na cha kati, na vile viwili vilivyojikunja vikapewa kitufe kimoja kikubwa cha kubonyezwa kwa viungo vyake. Mkono wa kulia vidole vyote vilinyooka bado, ila havisikii. Tukahesabu: vitufe thelathini na kimoja. Herufi ishirini na sita, cha nafasi, cha kufuta, cha kushuka mstari, na viwili vya kubadili tabaka, maana ukishikilia kimoja cha hivyo, vitufe vilevile vinatoa namba, na alama za Kireno, na kila kilichobaki.

Siku ile alinishika mikono muda mrefu akinipangusa wino kwa mafuta ya taa. Tangu paketi ya kwanza hakuna aliyenishika mikono isipokuwa muuguzi. Sikuisikia mikono yake, niliitazama tu.

Vifaa viliagizwa Dar es Salaam na kaka yake. Vilikaa Mtwara wiki kadhaa, vikafika na shehena ya vitunguu, vikashushwa bandarini vikinuka vitunguu: swichi ndogo, moja kwa kila kitufe, daiodi nyembamba kama punje za mchele, na kibao kidogo chenye chipu ambacho ndicho akili ya kibodi. Ubao wa kukalia vyote ulichongwa na seremala wa Awasse kwa mti wa umbila, kwa kufuata ile kadibodi yenye wino.

Chipu ile haijui kitu mpaka uitie programu. Anastásia alinieleza kwamba ipo programu huria, walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu aisome, aibadili, aitumie bila kuomba ruhusa. Mimi maisha yangu yote ni kuandika barua za kuomba ruhusa, kwa hiyo nilimwuliza mara mbili. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza. Simu yake ikayageuza kuwa Kireno kibovu, nasi tukawa tunakisia. Tulikaa mchana baada ya mchana nyuma ya duka lake, tukiandika mstari na kufuta mstari. Tuliiambia programu kwamba kidole kikikawia juu ya kitufe, herufi isijirudie. Na kwa kuwa vidole vyangu haviniambii vimefanya nini, Anastásia aling'oa kidude cha mlio kwenye saa ya mezani iliyokufa, akakiunga kwenye kibao. Kila herufi inapopokewa, kinalia: ti. Nisiposikia ti, najua sijaandika.

Nilikuwa na furaha, ndiyo maana nilifanya ujinga.

Ilikuwa mwezi wa paketi ya nane, kile kipindi cha upepo wa baridi. Anastásia alinikataza kugusa chuma cha kulehemu. Alisema mara kumi. Lakini mchana ule alikwenda kununua chakula, safu moja ya daiodi ilikuwa imebaki, na mimi nilichoka kuwa mtu wa kutengenezewa. Nikawasha chuma, nikaanza. Jirani wa duka lile ni mama anayechoma samaki. Nikasikia harufu ya kuungua, nikawaza, leo mama wa watu kawasahau samaki wake. Nikaendelea na daiodi ya pili, ya tatu. Nikawaza tena, jamani, si awageuze. Kisha nikaona moshi unatoka mkononi mwangu. Nilikuwa nimekishika chuma chini mno, na shahada ya kulia ilikuwa imekilalia muda wote huo.

Anastásia alirudi na mihogo yake, akaiangusha mlangoni. Hakucheka.

Kidonda kiliingia mpaka mfupani. Wiki tatu za kufungwa na kufunguliwa, harufu ambayo nilimwonea huruma muuguzi kwa kuivuta, na mwishowe ncha ya kidole ikakatwa. Haikuuma. Nililala pale nimegeuza uso ukutani, nikiusikia mkasi tu. Na nilipotoka na kujaribu ile kibodi, safu ile niliyoilehemu mwenyewe ilikuwa kimya kabisa. Daiodi ina mstari mweusi upande mmoja unaoonyesha njia ya umeme. Zote nilizoziweka siku ile nilikuwa nimezigeuza. Nilichoma kidole changu kwa daiodi za kinyume.

"Itupe," nikamwambia Anastásia. "Mpe mtu ubao akapikie."

"Calma."

"Nimesema itupe! Vitufe nane tulivipa kidole hiki. Kiko wapi sasa?"

Hakunibembeleza. Alinyofoa zile daiodi, akazigeuza, akalehemu. Kisha akafungua ile ramani ya herufi kwenye kompyuta, akafuta, akaandika.

"Programu iko wazi, mana," akasema. "Kidole kimekwenda, herufi zinahama. Hivi vya karibu tunakipa cha kati. Vya mbali unasogeza mkono. Kikienda kingine, tutahamisha tena."

Haikuchukua hata saa moja. Nililia palepale, na si kwa furaha. Ilinichoma kuona herufi zinapata pa kuhamia kirahisi namna ile.

Nilijifunza upya kuandika nikiwa mtu mzima wa miaka arobaini na moja. Asubuhi naloweka mikono kwenye maji, napaka mafuta, naikagua kila upande kama muuguzi alivyonifundisha, kisha naandika. Jina langu. Jina la baba. Majina ya vijiji. Ti, ti, ti. Zainabo akiwa jikoni alikuwa akisikia yote, na hakuuliza. Tulitia na ujanja wa kazini: kile kitufe kikubwa cha vidole vilivyojikunja, nikikibonyeza pamoja na gumba, kinaandika chenyewe kichwa kizima cha barua ya kwenda kwa Administrador, mkuu wa wilaya. Nikibonyeza na shahada ya kushoto kinaandika yale maneno ya mwisho, "Pede deferimento", yaani anaomba akubaliwe. Barua nzima ya mtu nikaiandika kwa mibonyezo nusu ya zamani.

Mikorosho ilikuwa inatoa maua tena, na paketi ya kumi na mbili nilikuwa nimeimeza, nilipoibeba kibodi yangu kwenye kitambaa hadi kwa Senhor Abudo. Aliichomeka mwenyewe. Mteja alikuwapo, mama mmoja aliyepoteza cédula, vyeti vya kuzaliwa, za watoto wanne. Alitazama ule ubao, akatazama mikono yangu, akasogeza kiti nyuma kidogo. Nilimwona. Nikamwuliza majina ya watoto. Vidole vililia ti, ti, polepole, kwa aibu kubwa ya mtu aliyewahi kusimamiwa mlangoni na watazamaji. Ukurasa ukatoka. Senhor Abudo akausoma mara mbili, akatafuta A tatu, hakuziona.

"Kaa," akasema.

Yule mama aliichukua barua yake kwa kuishika pembeni, kwa ncha za vidole viwili. Lakini aliichukua.

Hapo ndipo nilipokusudia kuishia. Mikono yangu haitarudi, muuguzi aliniambia hivyo waziwazi, na mtu akikuahidi vingine msikilize kwa adabu tu. Kazi nimerudishiwa kwa kasi ya kobe. Nilidhani hesabu ya huzuni yangu imefungwa.

Ijumaa iliyopita, baada ya chakula, Zainabo alikuja kukaa kwenye mkeka wangu, upande wa mlangoni. Alikuwa ameoga. Hakuwa na nsiro hata kidogo, na ndipo nilipogundua kwamba sijauona uso wake mtupu kwa miezi mingi. Akateremsha kanga begani.

Baka lilikuwa la ukubwa wa kifuniko cha chupa, jeupe kuliko ngozi.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu mvua."

"Miezi yote hiyo ulikuwa unanitengea sahani..."

"N'liogopa," akasema. "Kwanza n'likuogopa weye. Halafu n'kajiogopa mie."

Nilitaka kumwambia maneno mabaya. Nilikuwa nayo tayari, yamekaa mwaka mzima, yameiva. Badala yake niliingia ndani, nikachukua pamba iliyobaki ya kidonda changu, nikaisokota ncha kwa vidole visivyojua vimeshika nini.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nikamgusa katikati ya baka. Akakaa kimya. Nikamgusa tena, mara tatu. Alikuwa ameinua kidevu, anangoja kwa utiifu kama mtoto anayenyolewa, na machozi yakanitoka kwa sababu najua ni kungoja gani huko.

"Hujaanza?" akauliza.

Nikauchukua mkono wake wa kulia, nikaulaza juu ya paja langu, nikagusa kidole kidogo kwa ile pamba.

"Nasikia," akasema.

Cha pete.

"Nasikia."

Nikahamia cha kati, nikahamia shahada, nikahamia gumba. Kila nikigusa, anasema. Nilikuwa siwezi kujua kwa vidole vyangu kama nimemgusa au bado, niliitegemea sauti yake tu. Nikachukua mkono wa pili. Kesho yake asubuhi tungekwenda pamoja kwenye lile benchi la buluu, na angeianza paketi yake ya kwanza mapema kuliko mimi. Lakini saa ile sikuwaza kesho. Nilikuwa nahesabu.

"Nasikia," akasema Zainabo, amefumba macho. "Nasikia. Nasikia. Nasikia."

Kimebaki kimoja. Nikakigusa, nikangoja.

"Nasikia, Muaziza."